TAHADHARI: Nimeuziwa kamongo nikaambiwa ni mkunga wa moto

Wadau wa samaki wa mapambo wa Nakuru na Kisumu, Jabali, samaki wangu aina ya oska, amekufa. Mnaomjua mnajua alikuwa nani nyumbani kwetu. Amekufa Alhamisi alfajiri, mkia umeisha wote, ubavuni ana shimo la ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi. Aliyemuua nilimnunua kama mkunga wa moto, samaki mrefu mwembamba kama nyoka, kwa shilingi 6,500 kutoka kwa muuzaji wa samaki wa mapambo aliyeko Kisumu, na naandika haya mkono ukinitetemeka.

Nitaeleza kwa nini nilimwamini, maana najua kuna watakaosema nilikuwa mjinga. Huyu mtu hakunikimbilia na bei. Nilimwambia natafuta samaki mmoja wa kukaa chini, mkubwa kiasi cha kutoingia mdomoni mwa oska, asiyegombania eneo. Akaniuliza vipimo vya tenki, nikampa: sentimita 150 kwa 60 kwa 60. Akauliza joto la maji, nikasema 26. Akauliza kama chini nimeweka mchanga au changarawe, kwa sababu mkunga hupenda kujifukia na changarawe humchubua. Nilipomgusia habari ya jagua, aina nyingine ya samaki mkali, alinikataza kabisa, akasema nikimweka na oska watauana. Mtu anayekukataza kununua, utamshuku vipi? Kisha akanituma video ya mkunga wa moto mkubwa, mweusi mwenye michirizi myekundu, akila mnyoo mkononi mwa mtu. Nikalipa usiku huohuo. Jina lililotokea kwenye M-Pesa halikuwa lake. Akasema ni la shemeji yake.

Mzigo ulifika Nakuru kwa matatu saa kumi na mbili jioni. Karatasi ya nailoni ilikuwa na maji kidogo sana, hata mgongo wa samaki haukufunikwa vizuri, nami nikadhani atakuwa amekufa. Nikampigia. Akacheka, akasema, "Huyo ni mgumu, bro, usijali." Samaki mwenyewe alikuwa wa kijivu, madoadoa meusi, urefu kama wa rula ya shule. Nikauliza wekundu uko wapi. "Hutoka akikua." Nikauliza zile nyuzi nne, mbili nyuma ya kichwa na mbili karibu na mkia. "Sharubu hizo." Nilimzoesha maji dakika arubaini, kijana wangu ameshika tochi, tukamwachilia, akaenda moja kwa moja nyuma ya gogo. Kila baada ya muda alipanda juu, akavuta hewa, akashuka. Nikapiga simu tena. Akaniambia, "Anakusalimia." Nami nikamwambia kijana kwamba samaki anatusalimia. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba nilimwambia mtoto.

Usiku wa pili silva dola mmoja, wale samaki wadogo wanaoishi na Jabali tenkini, alikosekana. Wa tatu nilikuta nusu ya mwingine. Nilimlaumu Jabali, Mungu anisamehe, nikamgombeza kupitia kioo. Asubuhi ya nne mkia wake ulikuwa umekatwa kama kwa makasi.

Mama jirani, mzaliwa wa Nyakach kando ya Ziwa Victoria, aliingia kuomba kiberiti, akasimama mbele ya tenki. "Mbona mmeweka kamongo humu?" Akaniuliza nilimnunua pesa ngapi. Sikumjibu.

Kamongo! Samaki wa ziwani hapo Kisumu, anayevutwa na wavuvi kila siku. Anapumua hewa kwa mapafu, ndiyo maana alisafiri na maji kidogo na ndiyo maana alikuwa akipanda juu. Meno yake huponda konokono na maganda yao, na akiachwa akue anaweza kufika mita mbili. Hakuna tenki ya sebuleni ya kumweka pamoja na oska. Huyu muuzaji alijua. Mtu anayejua kwamba mkunga huchubuliwa na changarawe hawezi kukosea kamongo.

Nilituma ujumbe kwa namba 456 ya M-Pesa kuomba pesa zirudishwe, lakini zilikuwa zimeshatolewa. Sasa amenizuia kila mahali. Nataka akamatwe. Nataka arudishe 6,500 na bei ya silva dola, na asiuze tena kiumbe hai, hata kuku. Ameua samaki wa miaka mitatu ambaye alikuwa akila mkononi mwangu, na jana ameweka tena ile video. Kuna mtu leo anamlipa! Mwizi wa simu anachomewa matairi barabarani. Sitaki hilo, lakini huyu naye asiachwe akitembea tu.

Mnaotafuta mkunga wa moto: michirizi huonekana tangu akiwa mdogo, na pua yake ni ndefu, imechongoka. Hana nyuzi nne. Mwambieni muuzaji apige video huyo huyo mnayemnunua, akitaja tarehe ya leo, na jina la M-Pesa likiwa geni, acheni. Pia ile video yake, ukiitazama vizuri, soketi ya stima ukutani si ya Kenya. Niliiona baadaye.

Kamongo yuko kwenye pipa nyuma ya nyumba. Siwezi kumwaga kiumbe kama huyo kwenye mto wowote wa huku. Nimeandikisha OB, yaani taarifa kwenye daftari la matukio la polisi, na Jumatatu narudi kituoni na picha za kidonda cha Jabali. Mwingine aliyeuziwa na mtu huyu aniandikie kabla ya siku hiyo, twende pamoja.