Mpango wa walezi wa VA kwa aliyeumia ubongo jeshini: unafaa, ila tathmini ina mtego

Kama uko Marekani na mumeo au mkeo ametoka jeshini na jeraha la ubongo, mpango huu (PCAFC) wa VA, idara ya serikali inayohudumia waliotoka jeshini, ndio wa kwanza kuomba. Ulianzishwa kwa sheria ya 2010, na tangu Oktoba 2022 hauangalii tena aliumia mwaka gani. Sharti awe na kiwango cha ulemavu cha asilimia 70 au zaidi kutokana na utumishi, na ahitaji mtu wa kumhudumia ana kwa ana kwa miezi 6 mfululizo au zaidi.

Malipo si haba. Posho ya kila mwezi haikatwi kodi, na hupigiwa hesabu kwa mshahara wa daraja la GS-4, hatua ya 1, wa watumishi wa serikali kuu, wa eneo anakoishi mgonjwa: asilimia 62.5, au 100 kwa asiyeweza kabisa kujitegemea. Kuna pia siku zisizopungua 30 kwa mwaka za kupokewa zamu ili upumzike. CHAMPVA, bima ya afya ya VA, ni ya mlezi asiye na bima nyingine. Mwenye TRICARE, bima ya afya ya jeshi, asiitegemee.

Fomu ya 10-10CG mnaisaini wote wawili. Kazi iko kwenye tathmini. Kigezo kimoja kinadai asaidiwe kila mara anapooga, kuvaa au kula. Aliyeumia ubongo mara nyingi hayo huyafanya mwenyewe, na wengi hukwama hapo. Simamia kigezo cha pili: kuhitaji kusimamiwa au kulindwa kwa sababu ya athari za jeraha, au kuelekezwa mara kwa mara kiasi kwamba bila hivyo maisha yake ya kila siku yangevurugika vibaya. "Husahau sana" haitoshi. Anza daftari leo: "Jumatatu saa 2 usiku, aliwasha jiko la gesi akaenda kulala; nikazima. Jumanne, alitaka kumeza dawa ya kifafa mara ya pili, nikamnyang'anya."

Yeye akiulizwa atasema yuko sawa. Usidhani ni ukaidi wa kiaskari tu. Jeraha lenyewe laweza kumzuia asiuone upungufu wake. Asubuhi, akiwa amelala vizuri, atajibu nusu saa nzima bila kuteleza. Omba miadi ya alasiri, uchovu ukishaingia, na uombe kuongea na mtathmini peke yako pia.

Mafunzo na tathmini ya nyumbani vikamilike ndani ya siku 90 tangu fomu ipokelewe. Mkichelewa nyinyi, mnaanza upya. Ukikataliwa, una mwaka 1 wa kuomba mapitio ya ngazi ya juu, lakini huko hawapokei ushahidi mpya. Kama daftari halikuwemo, peleka maombi ya nyongeza.