Wikipedia kwa kazi za shule: natoa nyota 4 kwa 5

Naandika hii kwa wadogo wetu wa hapa Goma wenye wanaanza TFC (ile kazi ya kuandika ya kumaliza masomo chuoni), ju kila mwaka swali ni lile lile, eti Wikipedia tuitumie ao tuiache. Mimi naitumia toka niko G1, mwaka wa kwanza wa chuo, na hii wiki nimekaa nayo siku tatu na mdogo wangu, kazi yake ni ju ya Nyiragongo, volkano yetu ya hapa.

Kwa vitu vingi iko sawa kabisa. Tarehe za kulipuka, 10 januari 1977, 17 januari 2002, 22 mei 2021, zote tulizikuta bila shida, na ile ya 2002 ata haiombi kitabu, moto ulipita katikati ya mji mpaka Ziwa Kivu na mawe yake ndiyo tumejengea kuta zetu. Shida ilianza kwa hesabu ya wafu wa 1977. Ukitafuta utakuta wenye wanaandika 70 hivi, wengine mamia, wengine ata 2,000! Ile siku ziwa la moto kule juu lilimwagika kwa muda usiofika saa moja, lava nyepesi ikashukia vijiji, sasa nani alipita kuhesabu watu nyumba kwa nyumba?

Hiyo namba mimi ilinikata pointi. Nilipotetea kazi yangu profeseri mmoja akaniuliza imetoka wapi, nikasema Wikipedia, akaniuliza tena, na Wikipedia imeitoa wapi? Nikanyamaza. Na jibu lilikuwa palepale chini ya ukurasa, kwa zile namba ndogo ndogo zenye zinakupeleka kwa kitabu ao kwa ripoti, mimi sikuwai ata kuzibonyeza.

Kwa hiyo mdogo wangu nimemuzoeza kuanzia chini. Halafu anafungua Historique, pale unaona nani alibadilisha nini na siku gani, halafu Discussion, pale ndiyo waandishi wanabishana, na ukiona wanabishana sana ju ya namba moja ujue hiyo namba haiko imara. Sentensi yenye wameweka alama ya « réf. nécessaire », ni kusema chanzo kinakosekana, usiiguse mpaka uipate kwengine.

Wenye wanasema ni uongo mtupu nao wanazidisha. Mwaka 2005 gazeti la sayansi Nature lilipatia wataalamu makala 42 za sayansi, za Wikipedia na za Britannica, ile ensiklopedia ya Kiingereza, wakakuta makosa 4 hivi kwa kila makala ya Wikipedia na 3 hivi kwa Britannica, na Britannica walikataa namna ile kazi ilifanyika. Lakini hiyo ilikuwa sayansi. Mwaka ule ule mwandishi wa habari wa Marekani, John Seigenthaler, alikuta ukurasa wake unamuhusisha na kuuawa kwa rais Kennedy, uongo mutupu, na ulikaa pale zaidi ya miezi 4. Ukurasa wenye watu wengi wanauangalia unarekebishwa haraka, wenye hauna wasomaji unaweza kulala na kosa, na kurasa ju ya vijiji vyetu na wachifu wetu wasomaji wake ni wachache, hapo ndiyo muwe na akili sana.

Ju ya mega za intaneti na umeme wa kukatika-katika: kuna programu inaitwa Kiwix, unapakua Wikipedia mara moja na unasoma bila intaneti, imetusaidia sana usiku. Ila ile ni picha ya siku moja, mabadiliko yenye yalikuja kisha hayaonekani na Historique haimo, kwa hiyo mbele ya kuandika rudi mtandaoni uhakikishe.

Kwa bibliografia usiandike Wikipedia, andika kile kitabu chenye umekifungua na kukisoma mwenyewe.

Nyota moja naishikilia ju ya Kiswahili. Kifaransa kuko nyama, lakini kwa Kiswahili makala nyingi ni fupi, zingine wameziandikia kabisa kwamba bado ni mbegu. Mdogo wangu akimaliza kutetea, tumekubaliana tutaongeza ya Nyiragongo, na kila namba na kitabu chake.