Sabufa ya inchi 8 na ya inchi 12, nimezipiga zote mbili

Wadau, mtu akitaka sabufa swali la kwanza ni inchi ngapi, basi, hakuna anayeuliza boksi likoje. Mimi ninazo mbili hapa, ya inchi 8 yenye boksi zito ukiligonga halilii, na ya inchi 12 ambayo boksi lake limebana na mbao zenyewe nyepesi, na zote nimezipiga kwa amplifaya moja.

Kwa sauti ya kawaida tu ya kusikiliza huku mnaongea, inchi 8 imenifurahisha zaidi. Gita la besi unalifuata noti kwa noti, hata ule waya mnene kabisa, ule wa hezi 41 (yaani mitetemo 41 kwa sekunde), unausikia, sio kwa kishindo lakini upo. Ile ya 12 sasa, kila wimbo mbuuu mbuuu ileile, maana koni kubwa (ile sehemu ya spika inayocheza mbele nyuma) ukiifungia kwenye kaboksi hewa ya ndani inakaza kama springi, kwa hiyo besi ya chini kabisa haiji, kinachovimba ni ile ya juu yake kidogo na wengi ndo wanaiita besi nzito.

Ila panda volyumu uone. Besi ni kusukuma hewa, na ukishuka kutoka hezi 80 mpaka 40 koni inatakiwa isukume hewa nyingi mara 4 ya mwanzo ili nguvu ya sauti ibaki ileile, hapo inchi 8 inateseka aisee, nimeweka filamu ya milipuko koni ikawa inaruka mbele nyuma mpaka raba ya pembeni inavutika, tundu la hewa linapuliza fyuuu, halafu ikaanza kukohoa. Inchi 12 wala haina habari! Eneo la koni yake ni kama mara 2.25 ya mwenzake, kwa hiyo hewa ileile inaisukuma kwa kusogea chini ya nusu.

Na zile wati za kwenye katoni zisiwatishe, ukizidisha wati mara 2 unapata desibeli 3 tu, yaani sauti inapanda kidogo, bora hata uisogeze kwenye kona ya chumba besi iongezeke bure.

Chumba chako kidogo na hupigi kwa fujo, chukua 8 yenye boksi la maana. Mimi hii 12 naipeleka kwa fundi aichongee boksi la mbao nene, lita nyingi zaidi, spika yenyewe haina shida.