Mashine ya kutotolesha vifaranga: ipi ununue kwanza, ipi uiache

Wauzaji wengi watakuambia mashine inabeba mayai mangapi, na wewe ukisikia 96 unafurahi, ila kinachoua kifaranga ndani ya yai ni joto kuyumba, na joto likizidi linaua haraka kuliko likipungua. Kwa hiyo mi napanga kwa hilo.

Namba moja: mashine ndogo ya umeme ya mayai 48 mpaka 60, yenye feni, inayogeuza mayai yenyewe, na iwe inakubali betri ya volti 12. Hapo kwenye betri usikubali kushawishiwa, kwetu umeme unakatika saa nne usiku unarudi alfajiri. Joto iwe 37.5, unyevu asilimia 50 hadi 55, ikifika siku ya 18 zima kugeuza, pandisha unyevu ufike 65 hadi 70 na usifungue fungue tena mpaka watoke siku ya 21.

Ila kioo chake usikiamini. Mashine yangu ya kwanza ilikuwa inaandika 37.5 vizuri tu, vifaranga wakaanza kutoka siku ya 19, vitovu havijafunga, vina damu, wengi walikufa mikononi mwangu na iliniuma sana. Nikaweka kipimajoto cha homa katikati ya mayai, kikasoma 39. Siku hizi naiwasha tupu masaa 24 na kipimajoto changu ndani, ndo naweka mayai.

Namba mbili ni tetea, na nasema kweli kabisa. Kama mayai yako hayazidi 30 tafuta matetea watatu wanaotaka kuatamia, wape kumi kumi siku moja, angalia utitiri tu kwenye kiota, hela ya mashine nunulia chakula cha vifaranga.

Namba tatu, boksi la mbao la fundi lenye balbu. Lina nafuu, ila liwe na feni na themostati (kile kifaa kinachowasha na kuzima balbu ili joto lisiyumbe), na balbu mbili sio moja maana ikiungua usiku umekwisha. Kugeuza ni kwa mkono mara tatu kwa siku, chora X upande mmoja na O upande mwingine usichanganye.

Ya mwisho ni mashine kubwa ya mtumba ya mayai 500. Mayai hayatakiwi kukaa zaidi ya siku 7 kabla ya kuingia, sasa hayo 500 ya wiki moja utayatoa wapi? Iache kwanza.

Yoyote utakayochukua nunua na tochi kali. Siku ya 7 mulika gizani, yai zima utaona mishipa myekundu imetanda kama buibui na kidoa cheusi kinachezacheza, lisilo na kitu linang'aa tupu, na lenye duara la damu limeshakufa, yatoe yasije yakawa viza yakapasukia humo humo.