Mashine ya bisi niliyoirudisha dukani, na neno nililoambiwa

Hasira hii nimekaa nayo tangu msimu wa korosho, nikidhani itapoa. Haijapoa, basi naandika.

Mimi ni mama wa Mikindani, nauza bisi. Miaka yote nilikuwa nakaangia sufuria na mkaa, nafunga vifuko vya mia mbili, jioni watoto wakitoka madrasa wananunua. Zilipoingia fedha za korosho nikaenda Mtwara mjini, kwenye duka moja la vifaa vya jikoni, nikanunua mashine ya umeme, ile ya sanduku la kioo lenye kisufuria kinachoning'inia ndani. Bei na ukubwa wake sielezi, mtaviona wenyewe dukani. Kijana aliyenihudumia akanipimia na kilo tano za mahindi ya bisi kutoka gunia lililokuwa limeegemea ukuta pale mlangoni, jua linalipiga. Akaniambia hayo ndiyo yanayopatana na mashine.

Kazi yake ya kwanza ya maana ilikuwa shughuli ya kumtoa mwali kwa jirani. Nilikuwa nimeahidi vifuko mia mbili. Nikawasha, nikatia mafuta na mahindi, kisufuria kikazunguka, harufu ikatoka, watoto wakajaa. Zikapasuka kidogo, halafu kimya. Nilipokiinamisha, nusu ya mahindi yako chini, yamegeuka rangi ya kahawia, magumu kama kokoto. Nikarudia, yakawa yale yale. Mara ya nne mafuta yakaungua na moshi ukafunga kioo chote. Vifuko havikufika sitini, na mtoto mmoja aliuma punje akashika shavu analia. Mwenye shughuli hakunigombeza. Alinitazama tu, na afadhali angenigombeza.

Kesho yake nikaipakia kwenye bajaji, nikairudisha. Sikwenda kwa shari. Nilisalimia, nikaeleza yaliyonikuta. Yule kijana hakuinua macho kwenye simu. Akasema, wateja wote wanasikia: "Mama, mashine haina tatizo. Hizi za kisasa hazitaki watu waliozoea sufuria." Watu wawili watatu wakacheka. Nikamwomba aichomeke pale pale ajionee. Akasema hana muda wa kunifundisha kupika.

Watu waliozoea sufuria! Nilirudi na mashine yangu mapajani, njia nzima sikusema neno. Usiku nikachukua simu ya mwanangu nikaanza kusoma, maana nilitaka kujua huyo usasa anaojivunia umeanzia wapi.

Nikakuta kwamba pwani ya Peru wamechimbua mabaki ya mahindi na magunzi yake, mengine yana miaka kama 6,700, na miongoni mwake yamo ya bisi. Watu wale walikuwa bado hawajaanza kutumia vyungu vya udongo. Kwa hiyo bisi zimeitangulia hata hiyo sufuria. Na mashine yenyewe? Aliyeanzisha hizi za biashara ni Mmarekani, Charles Cretors. Alikuwa na duka la peremende mji wa Decatur, jimbo la Illinois, akanunua mashine ya kukaangia karanga, haikumridhisha. Akaifumua na kuiunda upya, akahamia Chicago, na mwaka 1885 akaanza kutengeneza za kwake. Mwaka 1893 alipeleka toroli lake la bisi kwenye maonesho makubwa ya Chicago. Toroli, jamani! Chombo cha kusukuma barabarani. Kitu hiki kilianza kwa mteja aliyeuziwa mashine isiyomfaa, kikakua mikononi mwa wachuuzi wa njiani kama mimi. Halafu mtu ananiambia si cha watu wangu.

Kwa wiki kadhaa niliwaambia wote: msinunue mashine ile, ni mbovu. Hapo inanibidi nijirudi, kwa sababu haki ni haki. Fundi umeme wa mtaani aliifungua, akapima, akasema kisufuria kinapata moto sawasawa. Sikumwamini.

Aliyeniamsha ni mama mdogo wa mume wangu, mzee wa Newala, alipokuja kututembelea. Ujana wake walikuwa wanakaanga mtama kwenye kigae mpaka unapasuka mweupe, vijibisi vidogo vidogo. Aliokota punje kwenye mfuko wangu, akaigonga kwa jino, akasema, "Mwanangu, haya yamekauka mpaka moyoni. Yatapasuka na nini?"

Na ndivyo kitaalamu. Punje ya bisi hupasuliwa na maji yake yenyewe. Ndani yake inatakiwa iwe na unyevu wa kama asilimia 14 ya uzito wake, na ganda lisilo na ufa. Ikipata moto, maji yale yanataka kuwa mvuke lakini ganda linayabana, wanga unalainika kama uji, mpaka kwenye nyuzi joto 180 hivi ganda linashindwa, uji ule unafumuka na kuganda hapo hapo kuwa povu jeupe. Ukikauka unyevu, au ganda likiwa na ufa, mvuke unapungua au unavujia nje na punje inabaki kokoto. Mahindi ya ugali ganda lake halibani hivyo, ndiyo maana hayatoi bisi. Mchele nao hauna ganda la kuubana. Mwaka 1904, kwenye maonesho ya St. Louis, Alexander Anderson aliufumua kwa kuupasha moto ndani ya mitungi ya chuma mfano wa mizinga ya vita, kisha akaifungua ghafla.

Basi mama mdogo akachukua ndoo yenye mfuniko, tukatia kijiko kimoja cha chakula cha maji kwa kila robo tatu ya kilo, tukatikisa, tukafunika siku tatu, kila siku tunatikisa tena. Siku ya nne nikawasha mashine. Zilijaa mpaka zikasukuma mlango wa kioo! Punje zilizobaki chini nilizihesabu, hazikufika thelathini.

Kwa hiyo mashine ni nzuri. Nasema wazi, nilikosea kuitukana, na niliowakataza wasinunue nimewarudia mmoja mmoja. Ila ninavyozidi kuandika ndivyo moyo unavyozidi kupanda, maana yule kijana ndiye aliyenipimia mahindi ya juani kwa mkono wake. Angeichomeka dakika tano tu, angeona. Angesema "pole mama, tujaribu mengine", leo ningekuwa namletea wateja kutoka Mikindani nzima. Nilikuwa nimeandika nyota tatu kwa vyote viwili. Nafuta. Mashine nyota tano, duka halipati hata moja, na mahindi sasa nachukua kwa mzee mmoja sokoni anayeyahifadhi kwenye ndoo zenye mifuniko.

Jumamosi nina shughuli nyingine Naliendele, vifuko mia tatu. Mahindi ya mzee yako tayari, lakini kilo mbili zilizobaki za lile gunia nimezitia maji tangu juzi. Mwenye shughuli ni yule yule jirani, anamsaidia dada yake, na amenituma mwenyewe.