Ofisi ya Mzee Wakili, Ngamiani: maoni ya mteja wa siku nyingi

Mzee Wakili mwenyewe hayupo tena. Alifariki akiwa na miaka 84, tukamzika kwao upande wa Magila, Muheza, na mawakili walikuja wengi na majoho yao kumsindikiza. Tangu hapo majirani wananiuliza kama ile ofisi yake ya hapa Tanga bado inafaa kupelekewa jambo la familia. Ninaandika kuwajibu wote kwa pamoja. Jina lake halisi siliweki kwa kuwa familia imependa hivyo. Aliyewahi kuishi Ngamiani tangu stendi ya mabasi ikiwa bado huku, kabla haijahamia Kange, anamjua.

Ili mnielewe ninaposema ofisi ni nzuri, ni lazima nieleze alichotufanyia sisi.

Baba yetu aliacha wake wawili na watoto sita, wavulana wawili na wasichana wanne, na nyumba moja yenye fremu mbili za duka kwa mbele. Arobaini haijatimia, kaka mkubwa alikuwa ameshapata mnunuzi. Mama mdogo, aliyekuwa akiishi vyumba vya uani na wadogo zetu wawili, hakuambiwa kitu. Tulipofika kwa Mzee Wakili tulikuwa watatu tu, na swali lake la kwanza lilikuwa kuhusu aliyekosekana. Alisema, "Wanangu, sifungui jalada la nyumba ambayo mwenyeji wake mmoja hajaitwa. Rudini, mje naye." Kaka alikasirika, akataka twende kwa wakili mwingine. Dada yetu mkubwa ndiye aliyemtuliza.

Wengi hawajui kwamba kwa miaka mingi wakili hakuruhusiwa kusimama Mahakama ya Mwanzo kumsemea mtu, na mirathi za watu wa kawaida nyingi huanzia hapohapo. Kwa hiyo wapo mawakili waliozikimbia kazi hizi, maana hakuna joho, hakuna hotuba, na malipo yake ni madogo. Yeye alizipenda kuliko kesi zote. Alikuwa anatufundisha sisi wenyewe kusema mbele ya hakimu. Alituketisha sebuleni mwa ofisi kama wanafunzi, akatuuliza maswali ambayo hakimu angeuliza, akamsahihisha kila mmoja kwa upole, hata mama yangu ambaye hakuwahi kukanyaga mahakama maishani mwake.

Yeye alikuwa Mwanglikana, tena wa ukoo wa misheni, na marehemu baba alikuwa Mwislamu. Hesabu ya mafungu hakuigusa mpaka alipomwita shehe aje akae naye. Shehe akaeleza: wake wawili wanagawana thumuni moja, yaani sehemu moja ya nane ya mali, kinachobaki ni cha watoto, na wa kiume anapata mara mbili ya wa kike. Tukabaki kutazamana. Nani anaweza kuigawa nyumba namna hiyo kichwani? Basi mzee akatoka nje kibarazani, akaazima ubao wa drafti na vizibo vya soda kutoka kwa wajukuu wake. Ubao una miraba 64. Akapanga kizibo kimoja kimoja, shehe akiangalia: kila mama miraba 4, kila binti miraba 7, kila kijana miraba 14. Ukijumlisha inatimia 64, hakibaki kitu. Mama mdogo, asiyejua kusoma, aliinama akahesabu vizibo vyake kwa kidole, kisha akahesabu vya wenzake. Akasema, "Sasa nimeelewa."

Halafu mzee akauliza kodi ya fremu ni kiasi gani. Wakati ule zilikuwa zinaingiza 320,000 kwa mwezi zote mbili. Kwa hiyo kila mraba ulikuwa elfu tano: kina mama elfu ishirini kila mmoja, sisi mabinti elfu thelathini na tano, kina kaka elfu sabini. Akasema nyumba inaweza kuuzwa, hilo ni haki yetu tukikubaliana, ila tujue kwamba hela ya mauzo inaliwa mara moja na kodi inakuja kila mwezi, na wadogo zetu bado wanasoma. Hakutulazimisha. Alinyamaza, akatuagizia chai. Kaka mkubwa ndiye aliyenyoosha mkono akasogeza vizibo vyake viwili upande wa mama mdogo. Mpaka leo nyumba haijauzwa, na mama mdogo bado anaishi uani.

Dada yetu wa pili ndiye aliyependekezwa na kikao cha familia kuwa msimamizi wa mirathi, mahakama ikamthibitisha. Hapo pia mzee alikuwa makini sana. Alimwambia usimamizi haumfanyi kuwa mwenye mali. Ana miezi 4 tangu kuteuliwa kupeleka mahakamani orodha ya mali, yaani Fomu Na. 5, na baadaye hesabu ya ugawaji, Fomu Na. 6, na asipofanya hivyo mrithi yeyote anaweza kumlalamikia. Ninajua familia ambazo msimamizi alipewa barua ya usimamizi akaiweka kabatini, akala kodi peke yake miaka kumi. Kwetu jalada lilifungwa kwa wakati kwa sababu mzee alimpigia dada simu kila alipoona siku zinakimbia.

Kesi ya pili tuliyompelekea ilikuwa ya dada huyohuyo, ndoa yake ilipovunjika. Mume alisema mke hakuwa na kazi, kwa hiyo hana chake. Mzee akamsomea hukumu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 1983, Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliyotamka kwamba kupika, kufua, kulea na kutunza nyumba ni mchango katika mali ya ndoa chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971. Nilichompendea ni kwamba hakumficha upande wa pili: Bi Hawa mwenyewe siku ile hakupata mgao, kwa kuwa mahakama iliona ameshatumia vibaya fedha alizopewa na mumewe za mradi. "Usitegemee jina la kesi, mwanangu, tegemea ushahidi wako." Wakakaa wakiandika kila alichokifanya katika ile nyumba, mwaka kwa mwaka. Dada alipata sehemu yake.

Ofisi ile ilikuwa na utaratibu ambao wateja wapya uliwasumbua. Saa saba mchana ilifungwa. Mzee alipanda baiskeli akaenda kula nyumbani na mkewe, na hata tajiri mwenye lori kumi angemngoja mpaka saa tisa. Ukutani palikuwa na picha za watoto na wajukuu, kila mmoja na sare ya shule yake. Shahada yake ya sheria, ya Dar es Salaam miaka ya 60, ilikuwa nyuma ya mlango wa stoo. Wajukuu walifanyia kazi za shule pale kibarazani, naye akitoka baina ya wateja kusahihisha insha zao. Mkewe alipougua akalazwa hospitali ya Bombo, aliziachia kesi kubwa kwa wenzake, akawa anakaa kitandani kwa mgonjwa na mafaili mapajani, na sisi wateja tulimfuata hukohuko kuweka sahihi. Alipofiwa, alirudi kazini, lakini chakula cha mchana aliendelea kwenda kula nyumbani na wanawe.

Pia kila hati aliyoiandika kwa Kiingereza alikupa na karatasi ya pili ya Kiswahili, bure, uisome na watu wako kabla ya kusaini. Alifanya hivyo miaka mingi sana. Sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, alifurahi kama aliyepata mjukuu mwingine.

Sasa ofisi anaiendesha binti yake, ambaye ni wakili pia. Nimeshamtumia kwa mkataba wa kupangisha fremu na hati ya kiapo. Kazi yake ni safi. Ana haraka kuliko baba yake: mkataba niliupata siku ya pili, na marekebisho alinitumia kwa simu. Mambo ya viwanja na kusajili biashara anayajua vizuri zaidi. Karatasi ya Kiswahili bado inatolewa, na kikao cha familia nzima bado ni sharti la kwanza kwa mirathi. Bei anaitaja kabla ya kuanza, na kwa wajane nimeona akiwapunguzia bila kuombwa. Wiki ya Sheria, kila mwanzo wa mwaka, yeye hukaa na mawakili wenzake kutoa ushauri bure, kama alivyokuwa akifanya baba yake.

Yapo ya kurekebisha. Benchi la nje linapigwa na jua kuanzia saa nne, na wazee wanaumia. Naye huongea kwa kasi, mama yangu alilazimika kumwomba arudie. Kwa anayetafuta wakili wa kumkomesha ndugu yake, hapo si pake. Ataambiwa kwanza amlete huyo ndugu, kama tulivyoambiwa sisi.

Nampa binti nyota nne, na ninaamini ya tano ataipata. Baba yake nilishampa zote zamani.

Mkienda kwa ajili ya mirathi, fikeni saa mbili asubuhi. Chukueni cheti cha kifo na nakala zake, muhtasari wa kikao cha familia wenye sahihi za wote, vitambulisho vya warithi, na hati au barua yoyote ya nyumba. Na kama mna mama mdogo, nendeni naye.