Kujirekodi ukicheza tenisi: nunua stendi kabla ya kamera

Mwezi uliopita mama mmoja alinifuata pembeni mwa kiwanja, binti yake wa miaka 13 akiwa bado anaokota mipira. "Kocha, nimetenga laki tano. Niambie kamera ya kumnunulia huyu mtoto, maana kila siku unamwambia sevu yake ina kasoro na yeye haioni."

Nikamwambia, "Mama, hebu nione kwanza hiyo simu yako."

Ilikuwa simu ya kawaida, ya miaka minne, ina slomo, yaani video ya mwendo wa polepole, ya fremu (picha) 120 kwa sekunde. Tuliiegemeza juu ya mfuko wa raketi, binti akapiga sevu sita, yaani yale mapigo ya kuanzisha pointi. Kisha tukaivuta video kidogo kidogo hadi pale raketi inapokuwa nyuma ya kichwa. Uso wa raketi ulikuwa umetazama mawinguni, mkono umekunjwa kwa nyuma, kama mtu aliyebeba sinia la vitumbua begani. Binti alikodoa macho. "Kocha, mimi nilikuwa najua nafanya kama unavyonionyesha."

Wiki tatu nilikuwa nikimweleza jambo hilo kwa mdomo. Video ilimweleza kwa sekunde mbili. Katika zile laki tano, mama alitumia chini ya elfu hamsini, kwa stendi ya simu. Mwongozo huu nauandika kwa sababu swali lake naulizwa mara kwa mara, na wengi huniuliza wakiwa wameshanunua kitu kisicho sahihi.

Kabla ya kufungua pochi, elewa fremu

Mpira wa tenisi hukaa kwenye nyuzi za raketi kwa takribani milisekunde 4 hadi 5. Video ya kawaida ya simu, ya fremu 30 kwa sekunde, hupiga picha moja kila baada ya milisekunde 33. Kwa hiyo mara nyingi utaona raketi ikiwa haijafika kwenye mpira, halafu utaiona imeshapita. Kugusa kwenyewe, ambako ndiko kwenye habari yote, hukuoni.

Kichwa cha raketi kikienda kilomita 100 kwa saa, husogea karibu sentimita 93 kati ya fremu moja na nyingine kwa fremu 30. Kwa fremu 120 husogea sentimita 23. Kwa fremu 240, chini ya 12. Ndiyo maana nasema fremu 120 ni kiwango cha chini cha kuchambua sevu na forihendi (pigo la upande wa mkono wenye raketi), na 240 ni raha. Hiyo sifa ya ubora wa 4K inayoandikwa kwenye maboksi haitakusaidia hapa. Picha safi ya raketi iliyo ukungu ni ukungu tu uliopigwa vizuri.

Slomo inataka mwanga mwingi. Rekodi asubuhi, au saa kumi jioni jua likiwa bado lina nguvu. Usiku chini ya taa utapata tabu nyingine: umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halitambui, ila slomo inaiona, na video yako itakuwa inawaka na kuzima kama taa ya ambulensi.

Sasa tupange vitu, kuanzia kile ambacho ningekinunua kwanza.

1. Stendi ndefu ya miguu mitatu

Hiki ndicho kitu cha kwanza, na pengo kati yake na cha pili ni kubwa. Simu unayo tayari. Usichokuwa nacho ni mahali pa kuiweka ili isitikisike, iwe kimo kilekile, na wiki ijayo irudi palepale. Ukishikiwa simu na rafiki, leo atasimama kulia, kesho nyuma, keshokutwa atakufuata na kamera kama anarekodi harusi. Video tatu za namna hiyo huwezi kuzilinganisha. Utafikiri pigo limebadilika kumbe kilichobadilika ni pembe.

Tafuta stendi inayofika angalau mita 1.7, yenye kishikio cha simu cha kukaza kwa skrubu. Vile vya springi huchoka, na siku vikichoka simu ndiyo inayolipa. Zile fupi za mezani achana nazo. Kutoka chini utaona magoti na anga. Ya kwangu niliipata Kariakoo, mtaa wa Aggrey, kwa shilingi 38,000 baada ya kupatana. Dukani ifungue yote hadi juu, weka simu yako, kisha iguse kwa kidole. Ikiyumba zaidi ya sekunde mbili, rudisha.

Stendi nyepesi haina ubavu mbele ya upepo. Mimi nimewahi kuitazama simu ikianguka kifudifudi kwenye sakafu ya kiwanja, nikiwa mita kumi, mpira uko hewani. Tangu siku hiyo natundika chupa ya maji ya lita moja na nusu katikati ya miguu, kwa kamba fupi. Haijaanguka tena.

Kama kiwanja chako kimezungushiwa uzio wa waya, kuna kishikio cha kutundika simu kwenye uzio. Ni kizuri kwa kurekodi mechi, kwa sababu kinakupa kimo nyuma ya mstari. Lakini kwa kuchambua pigo hakitoshi, kwa kuwa kinakufunga kwenye pembe moja tu.

Na pembe ni mbili. Ya kwanza ni ubavuni: kama unatumia mkono wa kulia, simu isimame upande wa kulia kwako unapotazama wavu, hatua sita au saba, kimo cha kifua. Hapo unaona kama unagusa mpira mbele ya mwili au umeuachia ukafika kiunoni, na kama kichwa kinatulia au kinakimbilia kuutazama mpira unakokwenda. Picha za Roger Federer akiwa bado anatazama mahali pa kugusa, mpira ukiwa umeshaondoka, umeziona. Sasa utajiona wewe. Pembe ya pili ni nyuma yako, simu ikielekea wavu, na hapo sevu inajianika: unarusha mpira wapi, raketi inashuka vipi mgongoni, uso wake unatazama wapi. Lile sinia la vitumbua linaonekana vizuri zaidi kutoka hapa.

Ukishapata mahali pazuri, weka alama sakafuni kwa chaki au kipande cha utepe wa gundi. Alama hiyo ina thamani kuliko programu yoyote nitakayoitaja hapa chini.

2. Saa moja ya kocha, mkiwa mmekaa

Najua mimi ni kocha na nitaonekana navutia kwangu. Lakini nimewaona vijana wenye video mia mbili ambao pigo lao halijasogea hata kidogo, kwa sababu wanatazama tokeo na hawatazami chanzo. Mtu anaona kiwiko kimekunjwa wakati wa kugusa, anahangaika na kiwiko mwezi mzima, wakati tatizo lilianza pale alipochelewa kuzungusha mabega. Kiwiko kilikuwa kinajiokoa tu.

Mwombe kocha akuuzie saa moja ya kukaa kivulini na video kumi, si ya kupiga mipira. Mkubaliane jambo moja. Moja tu. Lifanyie kazi wiki tatu, halafu rekodi tena kwenye alama ileile.

Kama kocha yuko mbali, mtumie video kwa WhatsApp, ila itume kama dokumenti. Ukiituma kama video ya kawaida, WhatsApp inaibana, na raketi inarudi kuwa ukungu.

3. Programu ya kuchambua: anza na ya bure

Mwenye kompyuta ya Windows apakue Kinovea. Ni ya bure kabisa na inatosha kwa asilimia kubwa ya wachezaji. Inakwenda fremu kwa fremu, inachora mistari, inapima pembe ya goti au kiwiko, na inaweka video mbili ubavu kwa ubavu. Hilo la mwisho ndilo silaha yake. Weka sevu ya Januari na sevu ya Machi, zianzishe zote pale mpira unapoachia mkono, utaona tofauti bila kuhadithiwa.

Kwenye simu, OnForm ni nzuri, hasa kwa kocha mwenye wanafunzi wengi, kwa kuwa anaweza kuchora na kurekodi sauti yake juu ya video. Inalipiwa kwa kipindi. Mchezaji mmoja mmoja haihitaji sana.

Na popote utakapochambulia, hifadhi video zako asilia mahali pengine. Coach's Eye ilikuwa programu pendwa ya makocha duniani, na mwaka 2022 wenyewe, TechSmith, waliifunga. Programu zinakuja na kuondoka.

4. Simu ya mkononi iliyotumika, kwa ajili ya kurekodi tu

Nunua hii kama simu yako haina slomo, au ina nafasi ndogo. Nafasi ni jambo zito: kwenye iPhone, dakika moja ya video ya ubora wa 1080p kwa fremu 240 hula takribani megabaiti 480. iPhone zilianza kuwa na slomo ya fremu 240 mwaka 2014 na iPhone 6, ingawa kwa ubora wa chini zaidi, 720p. Kuanzia iPhone 8 utapata 1080p. Kioo kikiwa na ufa pembeni haidhuru, mradi lenzi ni safi na betri inashika.

Kwa Android uwe makini. Baadhi ya simu za bei nafuu hujitangazia slomo kubwa, kumbe zinatengeneza fremu za kubuni kati ya zile halisi. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji arushe funguo hewani, rekodi kwa slomo, kisha sogeza polepole. Kama funguo zina kivuli pacha au kingo zinayeyuka, hizo fremu ni za kupikwa.

5. SwingVision

Hii ni programu ya simu. Inarekodi mechi kwa simu moja iliyowekwa nyuma ya kiwanja, inaukata muda mfu kati ya pointi, na inahesabu mapigo yako. Kwa anayecheza mashindano ni msaada wa kweli. Mechi ya saa moja na nusu inabaki kuwa kitu unachoweza kukitazama ukiwa na chai. Nimeiweka ya tano kwa sababu inajibu swali jingine. Inakuambia bekhendi yako (pigo la upande wa pili wa mwili) imekosea mara ngapi na mipira imeangukia wapi. Kwa nini bekhendi inakosea, hilo utalitafuta kwa stendi na kocha. Tena inahitaji kuiona mistari ya kiwanja vizuri, na viwanja vyetu vingine mistari imebaki kumbukumbu. Ijaribu kwanza kabla ya kulipia mwaka mzima.

6. GoPro

Ni kamera ndogo ya michezo. Imara, haiogopi vumbi wala jasho, na matoleo mengi yanatoa fremu 240. Lakini lenzi yake pana hupinda mistari ya pembeni, na pembe ya mwili uliyopima inakuwa si ya kuaminika mpaka uweke mpangilio wa mwonekano mwembamba. Kama unayo tayari, itumie. Kuinunua kwa ajili ya tenisi pekee, hapana.

Vya kuacha dukani

Kamera za kufunga kiwanjani kama za PlaySight ni za klabu na akademi, si za mtu. Na Hawk-Eye mnayoiona kwenye televisheni, iliyoanza kutumika kwa rufaa za wachezaji US Open mwaka 2006 na ambayo mwaka 2025 iliwaondoa waamuzi wa mistari Wimbledon, inafuatilia mpira kwa kamera nyingi. Haifundishi mtu pigo.

Usilipie pia mikusanyo ya video za mabingwa. Mechi za televisheni hupigwa kutoka juu na mbali, hazifai kulinganisha. Tafuta bure mtandaoni video za mazoezi zilizopigwa kutoka usawa wa kiwanja. Watoto wangu nawaambia wamtafute Angella Okutoyi wa Kenya, aliyetwaa ubingwa wa wasichana wawili wawili Wimbledon mwaka 2022. Wanamtazama kwa namna tofauti, wanasogea karibu na kioo.

Fedha ikibaki, nunua kopo la mipira mipya na ulifungue siku ya kurekodi. Mpira uliokufa haurudi juu, mchezaji anainama kuufuata, na mnachokichambua baadaye si pigo lake.